Pua ya Kuazima

Ujiji, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Saidati,

Asalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila mke wangu anasumbuliwa na magoti na mimi nasumbuliwa na mke wangu.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako siku hizi ni pambo. Napiga, inaita mpaka inachoka, halafu unanitumia ujumbe: "Niko salama, kaka." Mtu aliyekuwa akiongea mpaka salio linakata, leo maneno matatu. Kwa hiyo barua hii anakuletea Gatera, yule dereva wa lori anayepeleka mawese na dagaa Kigali. Ni mtu mwaminifu. Mpe chai, na umpe majibu yangu.

Huyo huyo Gatera ndiye aliyeniletea habari. Anasema alipita dukani kwako Biryogo akakukuta umevaa nikabu, macho tu ndiyo yanaonekana, na mtaa mzima unakuita Ustadha. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Ustadha yupi? Yule aliyekuwa akitoroka madrasa kule Buyenzi, Bujumbura, ili akawatazame mafundi wakifumua injini? Mama alikufunga ushungi asubuhi, adhuhuri ukarudi nao mkononi umefungia mapera.

Sisemi ni vibaya. Kama Mungu amekuongoa, na mimi uniombee. Lakini nilitaka niyasikie kwako, si kwa dereva. Tulizaliwa wawili tu katika ile nyumba ya mtaa wa kumi na mbili, baba na cherehani yake barazani, mama na masufuria yake uani. Vita vikatutawanya, wewe ukarudi Rwanda, mimi nikaja huku alikotoka babu. Wazee wametangulia. Nikikukosa na wewe, nitamuuliza nani kama kweli tuliishi pale?

Niandikie.

Kaka yako,
Ilyasi

*

Biryogo, 2 Februari 2024

Kaka Ilyasi,

Waalaykumu salaam. Barua imefika na doa la mawese kwenye kona. Gatera amekunywa chai vikombe vitatu, usiwe na wasiwasi naye.

Ni kweli navaa nikabu. Mtu akifika miaka hamsini na minane anaruhusiwa kubadilika. Simu inanichosha, sauti yangu imekuwa mbaya kwa mafua yasiyoisha, ndiyo maana nakuandikia maneno machache. Kazi ipo. Nashona sare za shule, na mishanana, yale mavazi ya Kinyarwanda, ya harusi za watu, na barabara yetu hii magari hayapiti tena, wameweka meza na viti, watu wanakula nyama choma huku wakinitazama ninavyokanyaga mashine.

Nina ombi. Unaikumbuka picha ya Idi tuliyopiga studio, baba amekaa katikati, mimi na wewe tumesimama, mimi nimegeuka upande kwa sababu nilikuwa nimekununia? Nitumie. Nataka kuitundika dukani. Usiipige kwa simu, nitumie yenyewe. Angalia kwanza kama uso wangu unaonekana vizuri, hasa ule upande.

Msalimie wifi na magoti yake.

Saidati

*

Ujiji, 9 Machi 2024

Mdogo wangu,

Picha nimeitoa sandukuni. Baba yupo. Mimi nipo, na koti langu kubwa. Wewe upo kuanzia shingoni kwenda chini. Unyevu uliigandisha kwenye kioo cha fremu, na mimi kwa papara nikaibandua kwa wembe, uso wako ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Nisamehe. Nimekaa nayo siku nzima nikijilaani.

Lakini niruhusu niseme. Gatera ananiambia mlipokunywa chai wewe uligeukia ukutani. Sawa, mwanamke na mgeni. Anasema pia kwamba sauti yako inatoka vibaya, maneno mengine hakuyashika. Halafu unataka picha, si ya baba wala ya mama, unataka uso wako mwenyewe, tena wa upande. Mimi ni fundi cherehani, si mjinga. Nguo ikiletwa na kiraka, najua chini yake kuna tundu.

Saidati, kuna nini chini ya kitambaa?

Ramadhani inaingia wiki hii. Usiniache nifunge na swali hili.

Ilyasi

*

Biryogo, 21 Aprili 2024

Kaka,

Nimekuacha ufunge nalo, nisamehe. Nilianza barua hii mara nne.

Chini ya kitambaa hakuna kitu. Ndilo jibu lenyewe. Sina pua.

Mwaka 2022 walinikuta na saratani ndani ya pua. Wakaikata yote, halafu wakanipiga mionzi siku thelathini. Ugonjwa uliondoka, alhamdulillah, wanapima mpaka leo hawauoni. Uso ndio uliobaki na tundu. Zilikuwa enzi za barakoa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Barakoa zilipoisha nikabaki nayo peke yangu, watu wakaanza kunitazama, ndipo nikavaa nikabu. Kesho yake nikawa Ustadha. Sasa wanawake wananiletea mabinti zao niwausie. Kila wakiniita jina hilo naona haya mbele ya Mungu, maana sikuivaa kwa ajili yake.

Walinitengenezea pua ya silikoni, ya kubandika kwa gundi. Ngozi iliyopigwa mionzi haipendi gundi. Siku moja napiga pasi, jasho likanitoka, pua ikadondoka juu ya sare ya mtoto wa shule. Mteja alikuwa amegeuka anaongea na simu. Niliiokota haraka, nikaitia mfukoni, na tangu siku hiyo ipo kabatini.

Sasa daktari Habumugisha anasema iko njia nyingine. Wanaingiza skrubu ndogo za titani kwenye mfupa wa uso, mfupa wenyewe unazikamata, halafu pua inakaa juu yake kwa sumaku. Unaivaa, unaivua, ngozi haihusiki. Tatizo ni ile mionzi. Mfupa uliopigwa mionzi unachoka. Mwingine unazishika skrubu, mwingine unakataa, na mwingine ukiguswa unakufa. Aliniambia wazi: mfupa ukifa watatoa kila kitu na kukata zaidi, na baada ya hapo nisiulize tena habari ya pua. Nimekubali kujaribu.

Anayetengeneza pua ni kijana anaitwa Régis, fundi wa meno pale Kimihurura. Alitaka picha ya pua yangu ya zamani, ya upande. Ninayo ya kitambulisho tu, na ile ni ya mbele, ndogo. Anasema kama picha hakuna, ndugu mwenye pua ileile anatosha, atachukua umbo lake. Nikamwambia ndugu yangu yuko mbali.

Usije, Ilyasi. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki anayenikumbuka na uso wa Buyenzi. Ukiuona huu, ule utafutika, na mimi sina nakala nyingine. Ipime tu pua yako kwa futi unitumie vipimo. Sote tulichukua pua ya baba.

Na jambo lingine, ucheke ukitaka. Sinusi tena vizuri. Chai nainywa ya moto tu, si ya tangawizi. Niandikie harufu za nyumbani, kama unazikumbuka.

Saidati

*

Ujiji, 12 Mei 2024

Saidati,

Nilisoma barua yako mbele ya wateja wawili. Nikawaambia nakwenda chooni, nikakaa huko nikalia. Umenificha miaka miwili, na kwa hilo tutagombana siku nyingine. Leo nafanya ulichoagiza.

Pua ya Ilyasi, imepimwa kwa futi ya kitambaa, mke wangu akiwa shahidi. Kutoka katikati ya nyusi mpaka nchani, sentimita tano na nusu. Upana wa matundu, nne, nikicheka nne na robo. Kutoka mdomoni kwenda mbele, mbili na nusu. Nimeacha nusu sentimita ya mshono, kama utataka kuipunguza.

Harufu sasa. Mtaa wa kumi na mbili ulianza na kahawa ya yule Mmanyema wa kona, tangawizi nyingi kuliko kahawa. Ikafuata gereji, grisi na matairi ya zamani, na wewe ukanuka hivyo hivyo ukirudi nyumbani, mama akakusugua kwa sabuni ya mche. Saa sita ndagala, wale dagaa wa kwetu, za kukaanga kutoka kila uani. Mvua ikinyesha, vumbi la njia yetu lilinukia vizuri sana, mpaka leo sijakutana na vumbi lingine la namna ile. Na duka la baba: robota jipya la kitambaa likifunguliwa, dawa ya nondo inakupanda mpaka machoni.

Unakumbuka alivyokuwa akichomoa uzi mmoja, anauchoma kwa kiberiti, anautia puani? Ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba. Ukinuka plastiki, anakunja robota anamrudishia aliyemuuzia. Alitupa na sisi tunuse. Wewe hukukosea hata mara moja. Mimi nilikuwa sinusi chochote, nilikuwa nakutazama wewe usoni kwanza, nikiona umekunja pua nasema plastiki. Baba alikufa akiamini ana watoto wawili wanaojua kitambaa.

Kuna jambo nataka kukuuliza juu ya mwanzo wa ugonjwa huu. Kalamu inakataa. Tuliache.

Kaka yako,
Ilyasi

*

Biryogo, 18 Agosti 2024

Kaka,

Barua ya harufu naisoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Ile ya sabuni ya mche nilikuwa nimeisahau kabisa, nikaisoma nikahisi mgongo unawasha.

Vipimo vyako nilivipeleka Kimihurura. Régis alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akaomba radhi. "Mama," akasema, "pua haishonwi. Mimi nahitaji pua yenyewe hapa, pamoja na huyo kaka yako." Nikamwambia atulie, kwanza tuone kama mfupa utakubali.

Skrubu ziko ndani tangu mwezi wa saba. Nne. Wameziingiza, wakafunga ngozi juu yake, na sasa ni kungoja miezi sita na zaidi, kwa mtu wa mionzi hawaharakishi. Kaka, kungoja huku kunachosha kuliko ugonjwa. Hakuna unachoona, hakuna unachosikia. Nimeacha mahindi ya kuchoma. Nikipiga chafya nashika uso kwa mikono miwili. Naogopa usingizi, nisije nikaulalia.

Anayenisaidia ni Vestine. Anakaa Niboye, alikuja zamani kushonesha mshanana akawa rafiki. Amekulia Bujumbura kama sisi, upande wa Wakatoliki, anakumbuka hata yule Mmanyema wa kahawa. Kigali nzima, ukitoa hospitali, ni yeye tu aliyeniona bila kitambaa. Anakuja kila Jumamosi. Yeye anashika rozari, mimi nashika tasbihi, tunapika, tunasema mambo ya watu.

Uliza ulichotaka kuuliza. Mtu aliyetobolewa usoni haogopi swali.

Saidati

*

Kigali, 11 Februari 2025

Kaka Ilyasi,

Ni mimi Saidati nasema, Vestine ndiye anaandika, kwa sababu uso iko na bandeji mpaka karibu ya macho na walinikataza kuinama. Jana juma tatu, sa nne asubui, walifungua ngozi ju wangarie mfupa na zile sikurubu. Sikusikia maumivu. Nilipoamka dogiteri Habumugisha alikuwa amesimama kwa mgu ya kitanda. Akaniambia, mama Saidati, mfupa wako umekufa. Nimelia sana, Vestine naye amelia, hata muganga moja alilia.

Sasa tunangoja kidonda ikauke. Usihangaike kuja, safari ni ndefu. Niombe tu.

Saidati, kwa mkono ya Vestine

*

Ujiji, 17 Februari 2025

Saidati,

Gatera ameniletea ile barua jana. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mfupa umekufa. Uliniandikia mwenyewe maana yake ni nini, kwamba watatoa kila kitu, watakata zaidi. Na hata kushika kalamu huwezi, na bado unaniambia nisihangaike. Umenikataza kuja mara mbili. Ya tatu sikubali. Gatera anageuza lori kesho na mimi nitakuwa ndani yake.

Barua hii naileta mkononi, kwa sababu nikikuona najua sitasema. Nitakuachia utaisoma nikiwa nimekwenda msikitini.

Mwaka 2021, mwezi wa tatu, ulinipigia simu. Ulisema pua inakutoka damu asubuhi ukiwa mashineni, imechafua kitambaa cheupe cha mteja. Mimi nilicheka. Nikakwambia uache kupekua pua kama mtoto, nikakwambia udondoshe mafuta ya habasoda, mafua yatakwisha. Tukaingia kwenye mazungumzo mengine. Hospitali ulikwenda mwaka uliofuata.

Swali langu ndilo hilo, na nimelibeba tangu barua yako ya kwanza ya kweli. Ulichelewa kwa sababu yangu? Kama jibu ni ndiyo, usinipunguzie.

Ilyasi

*

Biryogo, 12 Machi 2025

Kaka,

Natumai umefika, na Gatera hakukuimbia njia nzima. Sasa umeondoka naweza kusema bila kukatizwa.

Vestine bado anajilaumu, mpaka amekataa kula futari kwangu. Mimi namwambia ajivunie. Shuleni tulifundishwa hivyo sote, kwa Kirundi na kwa Kinyarwanda sauti ndefu haiandikwi, herufi moja inatosha, msomaji atajaza mwenyewe. Daktari alisema, "Mfupa wako umekufaa." Umekufaa, Ilyasi, kwa a mbili. Umezikamata skrubu zote nne, mfupa wa mionzi, mpaka yeye mwenyewe alishangaa. Vestine akaweka a moja, na wewe ukapanda lori siku mbili kuja kunizika. Barua nzima ilikuwa hivyo, "sa nne," "mgu ya kitanda," na wewe unayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara hukuona kitu.

Nikikumbuka ulivyokaa kwenye kile kiti cha Régis nacheka peke yangu. Mzee mzima, mirija miwili mdomoni ya kupumulia, uso umepakwa uji wa rangi ya waridi wa kuchukulia umbo, na mkono unaonyesha ishara kwamba unakufa. Alipoubandua akaniita nione: pua yako, kwa ndani, tupu. Akamimina jasi. Kama Vestine angeandika vizuri usingekuja, na pua isingekuwapo.

Barua uliyoiacha niliisoma ukiwa msikitini. Usijipe ukubwa. Tangu Buyenzi hujawahi kunishauri jambo nikalifuata, kwa nini ningeanza na hilo? Habasoda nilinunua, nikaitia kwenye mkate. Nilichelewa kwa sababu niliogopa. Wiki ya kwanza tu nilijua si mafua. Nilikuwa nafua vile vitambaa vya damu mwenyewe, kabla binti wa dukani hajafika. Hilo sijamwambia mtu, hata Vestine. Kwa hiyo liweke chini hilo swali, si lako.

Sasa la kwangu. Ulipobisha hodi nilidhani ni Vestine. Bandeji zilikuwa zimetoka, kitambaa sikuwa nacho. Nilifungua mlango nikicheka jambo la redioni. Ulirudi nyuma hatua moja.

Ulikaa siku tisa. Ulipika, uliosha vyombo, ulinishonea mikono ya gauni niliyoshindwa. Juu ya ile hatua hatukusema neno. Ulisema kitu kuhusu kizingiti, nikakubali kuhusu kizingiti. Lakini kaka, nilikukataza kuja kwa ajili ya hatua ile ile. Niambie ukweli. Nimechoka kukisia wanachoona watu.

Saidati

*

Ujiji, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi imepita bila barua yangu, kwa sababu barua hii haikutaka kuandikwa siku ya furaha.

Haikuwa kizingiti. Ilikuwa uso wako. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilijua nitakuta nini, nilijisomea dua, na bado mguu ulirudi wenyewe. Niliogopa. Halafu papo hapo nikaona aibu kubwa kuliko woga, kumwogopa dada yangu mwenyewe, na ile aibu ndiyo iliyonifunga mdomo siku zote tisa. Nilijua umeona. Nilijua pia unajua kwamba nilijua.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nakutazama machoni kwa nguvu, kama nimeambiwa nisitazame pengine. Siku ya tatu, sijui kama unakumbuka, tulikuwa tunagombana juu ya lile koti la picha ya Idi. Wewe ukisema lilikuwa la jirani, mimi nikisema la baba. Ukanishinda. Ukacheka, ukafuta macho. Nilipokwenda kulala nikagundua kwamba tangu adhuhuri sikuwa nimeliona lile tundu, wakati tulikaa uso kwa uso. Sikujilazimisha. Nilikuwa nagombana na Saidati tu.

Uliogopa kwamba ukinionyesha huu, ule wa Buyenzi utafutika. Haukufutika. Nikifumba macho naziona nyuso zote mbili, na zote mbili zinanikaripia.

Lakini ile hatua ipo, sitaiondoa kwa maneno. Mtu akikuona mara ya kwanza atarudi nyuma, Saidati. Hata akupendaye. Mpe muda wa kurudi alipokuwa.

Nisamehe.

Ilyasi

*

Biryogo, 25 Mei 2025

Kaka Ilyasi,

Nimekusamehe. Nilikaa na barua yako juma zima nikiwa na hasira, halafu hasira ikaisha, nikaona kwamba katika watu wote walioniambia "huonekani vibaya," wewe ndiye wa kwanza kusema kweli.

Pua imefika. Régis aliniweka mbele ya kioo, akaisogeza karibu, ikajivuta yenyewe ikakaa. Inatoa mlio mdogo, tak, kama kifungo cha chuma. Niliinama, nikatikisa kichwa, nikapiga chafya ya makusudi. Haikuondoka. Rangi ameipatia, hata kale kadoa ka jua amekaweka. Akaniuliza, "Mama, unajiona?" Nikamwambia, "Hapana, namwona kaka yangu." Akasikitika, akataka kuipunguza upana. Nikamwambia aiache. Mwenyewe umeniachia nusu sentimita ya mshono, siku nikichoka nitaipunguza.

Haisikii harufu. Nilichoma uzi wa pamba nikajaribu, hakuna kitu. Nililia kidogo, halafu nikasoma barua yako ya Mei.

Juzi nilifungua duka bila nikabu, nimefunga ushungi wa kawaida. Unajua Biryogo, kabla chai haijapoa mtaa ulishajua kwamba Ustadha amepotoka. Wakaja wanawake saba, wale wale wanaoniletea mabinti. Walikuja kwa heshima, mkubwa wao akasema, "Dada, shetani anampitia kila mtu, tumekuja kukurudisha." Ningeweza kunyamaza. Pua ilikuwa nzuri, hakuna hata mmoja aliyeitilia shaka. Lakini miaka mitatu nimekula sifa isiyo yangu, na nilikuwa nimechoka nayo kuliko nilivyochoka na tundu.

Nikafunga mlango wa duka. Nikawaambia sikuwahi kuwa Ustadha, nilikuwa mgonjwa. Nikaivua pua, nikaiweka juu ya meza ya kukatia, nikageuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

Wanne hawakusogea. Wawili walirudi nyuma hatua moja, na mmoja alitoka nje kabisa, nikamsikia anatapika mferejini.

Nilikumbuka ulichoniandikia. Sikuchukua kitambaa. Nikavuta mabenchi, nikakaa, nikangoja. Wale wawili walirudi wakakaa nami, mmoja akanishika mkono. Wa mferejini alikwenda kwake. Leo ni siku ya tatu. Gauni alilonipa nimshonee liko tayari, nimelipiga pasi, limetundikwa mlangoni ambapo akipita ataliona.

Bado namngoja.

Mdogo wako,
Saidati